Neno Katikati ya Sumu

Uwera alishuka Kanengo, pembeni mwa Lilongwe, jua likizama nyuma ya maghala ya tumbaku, kompyuta yake imefungwa ndani ya kitenge. Alikuja kutengeneza mashine. Hivyo ndivyo alivyomwambia binti yake Akeza kabla ya kupanda minibasi kule kambini Dzaleka, na hivyo ndivyo alivyojiambia mwenyewe njia nzima. Mashine ni mashine. Hakumwambia mtoto kwamba ni hiyo hiyo iliyomuua baba yake.

Rémy alimngoja getini. Alikuwa mtu wa Bukavu, fundi wa silo, na ndiye aliyemfukua Sylvain, mume wa Uwera, kutoka ndani ya mahindi kwa mikono yake.

"Maman Akeza. Pole na njia."

"Asante, Rémy. Iko wapi?"

"Njo kule kule." Akasita. "Tuende mbio. Saa yake inakaribia."

Silo ile ni pipa la chuma refu kuliko kanisa, limejaa mahindi. Chini yake mna mlango. Mlango ukifunguka, mahindi hukimbia kama maji, na aliyesimama juu yake humezwa. Kompyuta ndiyo inayoushika mlango. Siku ile Sylvain aliingia kuvunja mahindi yaliyogandamana, kompyuta ikaanguka, yaani ikakata kazi ghafla, ikajiwasha upya, na ilipojiwasha ikafungua.

Tangu mazishi Uwera hakulia. Watu wa kanisani walisema ana imani kubwa. Yeye alijua si imani. Mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Sasa kompyuta ilikuwa inaanguka kila magharibi. Mahindi yameganda tena, yananuka chachu, na asubuhi wafanyakazi wangeingizwa kuyavunja. Msimamizi alianza kwa kumwita sing'anga. Mganga yule alitega sikio kwenye chuma, akakusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga. Ndipo wakamkumbuka mjane. Programu ile aliiandika Sylvain, na Sylvain na mkewe walisoma kompyuta pamoja kambini.

"Kwa nini hamufungi mlango na munyororo?" aliuliza Uwera.

"Tulifunga." Rémy alitazama chini. "Ilikatika. Siku ingine mulango inafunguka, siku ingine hapana."

Chumba cha mitambo kilikuwa kimeegemea ubavu wa silo, ukuta wake mmoja ni chuma chenyewe. Harufu ya mahindi yaliyochacha ilikaa kooni. Uwera akaketi, akafungua kompyuta yake, akaunganisha waya.

Kerneli, kile kiini cha mfumo kinachogawa kila kitu, ndiyo iliyokuwa inaanguka. Na ilikuwa inaangukia mahali pale pale: kwenye ugawaji wa kumbukumbu. Kazi hiyo ni kama kugawa viwanja. Programu inaomba nafasi, inapewa, inaandika mambo yake, ikimaliza inarudisha, na nafasi inapewa mwingine. Ili kumnasa anayegusa nafasi aliyokwisha kuirudisha, mafundi huiamuru kerneli iijaze sumu. Ndivyo wanavyoiita. Sumu yenyewe ni herufi moja, inajirudia tangu mwanzo hadi mwisho.

Uwera akaiwasha sumu. Akangoja.

Nje, mafeni ya kupoza mahindi yakaanza kuvuma, kama kila magharibi.

Skrini ikazima.

Kimya... Kisha ndani ya silo, upande wa pili wa ukuta, kitu kikagonga. Taratibu. Kama kidole.

Tok... tok...

"Umesikia?" Rémy alinong'ona.

"Chuma kinapoa."

"Maman Akeza. Chuma haipoe hivi."

Mashine ilipoamka, Uwera akafungua picha ya kumbukumbu ambayo kerneli huiacha inapokufa. Akaifuata nafasi iliyosababisha anguko. Ilikuwa imerudishwa. Haikuwa ya mtu. Ilijaa sumu, kama alivyoamuru.

kkkkkkkkkkkkkkkkkkkkk

Na katikati ya sumu, neno.

mukundwa

Uwera alilitazama kwa muda mrefu. Mpendwa, kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mtu mmoja, tena ndani ya nyumba tu, taa ikiwa imezimwa. Alingoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Aligundua tu kwamba vidole vyake vimekuwa baridi.

"Ni nini?" Rémy aliuliza.

"Kuna mahali programu inaandika baada ya kurudisha nafasi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma bei sokoni. "Sylvain alipenda kufanya haraka. Ngoja nitafute."

Akalipata kosa ndani ya msimbo wa mumewe. Ndani ya silo palikuwa na kijibao cha vitufe, ili aliyeingia aweze kuwaandikia walioko nje. Ujumbe ulipewa nafasi, ukasomwa, nafasi ikarudishwa. Lakini Sylvain alisahau kuifuta anwani ya nafasi ile. Kwa hiyo ujumbe uliofuata uliandikwa mle mle, mahali ambapo mafeni hupewa yanapowaka. Wawili katika nafasi moja. Ndipo kerneli inapoanguka.

Basi kumbe ndivyo. Siku ile alikuwa anaandika. Mahindi yanamfika kifuani, naye anaandika jina la mkewe.

Alilifikiria hilo kama mtu anayetazama mvua ya mbali.

Kisha akafikiri jambo jingine. Umeme ukikatika, kumbukumbu hufutika yote. Na umeme wa Lilongwe ulikuwa umekatika mara nyingi tangu siku ile.

Mafeni yakavuma tena. Skrini ikazima tena.

Tok. Tok. Tok.

Safari hii ilikuwa karibu. Usawa wa bega lake alivyokaa.

Akafungua picha mpya, mikono yake ikifanya kazi bila yeye.

kkkkkkmukundwakkkfunguakkkkkkkk

Rémy aliyasoma maneno juu ya bega lake. Akapiga ishara ya msalaba.

"Usiitike," alinong'ona. "Mi nakuomba. Hata kwa roho, usiitike. Kama ni yeye, anataka kutoka. Kama si yeye... kesho batu bataingia mule."

Uwera aliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa na joto. Joto la mahindi yanayochacha, kila mkulima analijua. Lakini lilikuwa mahali pamoja tu, padogo kama kiganja. Pembeni yake chuma kilikuwa baridi.

Harufu ya chachu ikapungua. Ikaja harufu ya sabuni ya kipande, ile ambayo Sylvain alijipaka akitoka kazini.

Kitufe cha kufungua mlango kilikuwa karibu na mkono wake wa kuume. Silo ilikuwa tupu ya watu. Angefungua, mahindi yangemwagika, na labda basi. Labda hicho tu ndicho alichotaka.

Au labda mlango ule ungejua njia, na asubuhi ungejifungua wenyewe, watu wakiwa ndani.

Uwera akauondoa mkono ukutani. Akaandika mstari mmoja: nafasi ikirudishwa, anwani isahauliwe. Akaujenga upya mfumo. Wakati unajengwa, kugonga kuligeuka kukawa kukwaruza, kukashuka polepole ukutani, kutoka begani hadi sakafuni... na pale sakafuni kukabaki.

Yeye hakuitika.

Akabonyeza. Mashine ikazima, ikawaka. Mafeni yakavuma. Skrini haikuzima.

Kimya.

"Imekwisha?" Rémy aliuliza.

"Imesahau," alisema Uwera.

Alilala kwa mke wa Rémy, na asubuhi wanaume wakaingia silo. Mlango haukusogea. Walitoka wote wakiwa weupe kwa vumbi, wakicheka, mmoja akimshukuru Uwera, zikomo, kwa mikono miwili. Walikuwa wamebeba kijibao cha vitufe, wakakitupa miguuni pa Rémy.

Waya wake ulikuwa umekatwa. Kutu ilikuwa imeula ncha.

"Mi njo niliukata," Rémy alisema polepole. "Siku tuliyomutoa. Sikutaka mutu aandike tena mule."

Uwera akapanda minibasi, akarudi Dzaleka.

Rémy alimpigia simu baada ya mvua za kwanza. Uwera alikuwa anasonga nsima, simu ameibana kwa bega.

"Haianguke tena," Rémy alisema. "Kazi yako ni muzuri. Lakini kumbukumbu inapunguka, Maman Akeza. Kila magharibi, kidogo. Kuna kitu inaomba nafasi, inapewa, hairudishi. Natafuta mwenyewe, sioni jina."

"Anaomba vizuri?" aliuliza Uwera.

"Vizuri kabisa. Kwa sheria."

Uwera aligeuza mwiko. "Ikijaa itaanguka, na batu bakiwa ndani. Basi kila Jumapili, kama hakuna mutu mule, muizime. Yote itafutika. Ataanza upya."

Nyuma ya Rémy mafeni yalikuwa yanavuma.

"Njo kusema kila Jumapili mi namuzika tena?"

"Ni mashine, Rémy."

"Kama ni mashine," alisema kwa sauti ya chini, "kuja uizime we mwenyewe."

Nsima iliungua. Akeza ndiye aliyekuja kuiepua, akamkuta mama yake amesimama na simu iliyokwisha kukatwa, akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.