Nilimshtaki Babu Mbele ya Jeneza

"Sasa umeridhika?"

Nyanya aliniuliza hivyo kando ya kaburi, watu wakisikia. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa natafuta ukweli?

Nina miaka ishirini na tisa. Ninafanya kazi katika ofisi moja hapa Milimani, Kisumu, lakini kwetu ni Asembo. Haya yalitokea mwaka niliomaliza chuo kikuu. Nilisomea historia, na nilikuwa msichana wa kuhoji kila kitu... mahubiri, wanasiasa, hata sala ya chakula! Nilijiona jasiri.

Babu yangu, Mzee Okelo, alikuwa fundi cherehani enzi za mkoloni. Hakuajiriwa na Mzungu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumfukuza kazi akifungua mdomo. Naye aliufungua kwelikweli! Wakati ule Milimani ilikuwa ya Wazungu. Mtu mweusi aliingia akiwa mpishi au mtunza bustani, na jioni alitakiwa awe ametoka. Babu na binamu yake, Mwalimu Rading', walizunguka vijiji vya kando ya ziwa wakiwaambia watu wadai kutendewa sawa na Wazungu. Siku moja wao na wenzao wachache wakaingia katika hoteli ya Wazungu kwa mlango wa mbele, wakaketi, wakaagiza chai.

Chai haikuja. Polisi walikuja.

Walifungwa wote. Lakini Babu alirudi nyumbani mapema mno, wenzake wakabaki wakivunja mawe. Nilipokuwa chuoni nilimuuliza: kwa nini wewe ulitolewa peke yako?

"Mjukuu wangu," alisema, "hilo liache."

Nikarudia kuuliza. Akainuka, akaenda kuwatazama kuku wake.

Mimi nikauchukua ukimya ule kuwa ushahidi. Nikajiambia kwamba aliwataja wenzake, akafunguliwa. Nani mwingine alihitaji kuniambia? Nilikuwa msomi!

Kisha Mzee Rading' akafariki.

Kwetu mtu hazikwi kabla ya kuzungumziwa. Jeneza linawekwa chini ya hema, na kipaza sauti kinapita: watoto, wakwe, kanisa, majirani, wajukuu. Ukiwa na neno kuhusu marehemu unalisema hapo. Na neno likisemwa pale lisijibiwe palepale, watu hurudi nalo makwao likiwa kweli. Nililijua hilo tangu utotoni... na bado nikafanya nilichofanya.

Babu alipangiwa kusema mwisho kabisa, kabla jeneza halijainuliwa, kwa kuwa ni yeye tu aliyebaki kati ya wale wa chai. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi chumbani kwake. Koti lake alilipiga pasi mwenyewe, hakumwachia mtu.

Mimi nilichaguliwa kusema kwa niaba ya wajukuu wa ukoo.

"Haya, msomi wetu!" mshereheshaji alinikabidhi kipaza sauti. "Lakini usitupe lecha, dada. Jua linachoma na wali unapoa!"

Watu wakacheka. Nami nikaanza.

Nilimsifu Mzee Rading'. Nikasema yeye alimaliza kifungo chake chote. Kisha nikaongeza, "Lakini wako waliotoka mapema, na hadi leo hawajatuambia walimpa Mzungu nini."

Watu wakageukiana.

"Taja jina, mama! Usiogope!" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Sikutaja. Nilimtazama Babu tu, na watu wote wakafuata macho yangu.

"Ala! Kumbe miaka yote tumekaa na homgadi!" yule mwanamume akasema. Ndilo jina la kibaraka wa mkoloni, na kwetu hakuna tusi linalouma kuliko hilo. Wengine wakacheka, kicheko kibaya.

Babu alisimama kwa fimbo yake, akaja polepole hadi kwenye kipaza sauti. Mtoto mkubwa wa marehemu, Baba Steve, mtu mwenye mvi, akakifunika kwa kiganja.

"Kwanza mjibu mtoto. Ulitolewa kwa nini?"

Babu alifungua mdomo. Akamtazama Nyanya. Akamtazama baba yangu, aliyekuwa ameketi safu ya majirani. Akaufunga.

"Basi kaa chini, Bwana."

Bwana! Maisha yake yote Baba Steve alikuwa akimwita Babu "Baba".

Hawakumruhusu hata kutupa udongo kaburini. Hapo ndipo Nyanya aliponiuliza swali lile.

Jioni hiyo video ilikuwa imeshafika kwenye simu za watu wote. Sokoni Asembo Bay, wanawake wa samaki walimpokea kwa kejeli: "Mzee, leo Mzungu amekuwekea sukari?" Akaacha kwenda sokoni. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi kila upande... akaacha kwenda kanisani pia. Na mimi? Nilikuwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nikijitetea! Eti nilitaka mjadala.

Babu alikufa mvua za masika zilizofuata. Kutoka boma la Rading' hakuja mtu. Mshereheshaji alipouliza nani atasema kwa niaba ya rafiki zake, hakuna mkono uliopanda. Nilichukua kipaza sauti mimi. Nililia tu. Neno halikutoka hata moja.

Ndugu wasomaji, bado ninahoji. Siwaambii muache. Lakini nawasihi, msimbebeshe mtu hukumu hadharani kwa sababu tu amekataa kuwajibu nyumbani! Jiulizeni kwanza ukimya wake unamkinga nani. Mimi sikujiuliza, na aibu hii nitazeeka nayo.

Majina nimeyabadilisha. Baba amesoma haya kabla yenu, na ndiye aliyesema niandike.

Mwaka jana Nyanya alikuja kwangu Kisumu kutibiwa macho. Nilikuwa napara samaki alipoanza kuniambia, bila mimi kumuuliza. Gerezani askari walimpiga Babu mateke kati ya miguu hadi daktari akasema hatapona, wakamtoa ili asife mikononi mwao. Alipona. Lakini alikuwa ameoa juzi tu, hakuwa na mtoto, na asingeweza tena kumpata. Rading' alipotoka kifungoni, Babu alimwendea mwenyewe, akamwomba amzalie watoto na Nyanya, kwa siri, kama mila yetu ilivyomruhusu ndugu wa ukoo. Baba aliambiwa alipooa.

Siku ile, pale kwenye safu ya majirani, baba yangu alikuwa anamzika baba yake mzazi.