Tembe za Jioni

Kila asubuhi, kabla ya chai, Nakolong alimeza tembe moja mama yake akimtazama. Mama alihakikisha maji yameteremka kooni, ndipo akajifunga leso na kwenda kuuza mboga sokoni. Tembe ya jioni Nakolong aliitoa mwenyewe, kwa sababu mama alichelewa kurudi nyumbani, mtaa wa Wabera. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kwa mwezi mzima tembe ya jioni haikuwa imefika tumboni mwa Nakolong hata mara moja.

Aliifunga kwenye karatasi ya daftari na kuificha chini ya godoro. Kila Jumamosi, tembe zikiwa zimefika saba, alizipeleka kijijini Ngaremara pamoja na unga na sukari ambavyo mama alimtuma kwa Nyanya. Huko aliishi binamu yake Esekon, mtoto wa miaka minane, mwenye kovu la moto mkononi. Kifafa kilimwangusha karibu na meko. Majirani walimkimbia akianguka, eti ni laana na povu lake linaambukiza. Uongo mtupu! Lakini Nyanya aliuamini, akamficha mtoto nyumbani na kumwapisha Nakolong asimwambie mtu.

Nakolong naye alikuwa na kifafa, ila kwa dawa alikuwa amekaa miezi minane bila kuanguka. Angewezaje kumwona Esekon akiteseka na yeye ana tembe mfukoni?

"Meza moja kila jioni," alimnong'oneza. "Na ufunge mdomo."

Esekon akatulia, hakuanguka tena. Nakolong alifurahi mno, lakini furaha hiyo haikumpa raha. Mkono wake wa kulia ulianza kurukaruka. Alimwaga chai, akaangusha kalamu, akawa hakai akatulia.

Ijumaa moja alianguka darasani.

"Leteni kijiko!" Anderson, kiranja wa darasa, akapiga kelele.

"Kijiko cha nini? Unataka kumvunja meno?" akafoka Kui, rafiki yake Nakolong. "Sogezeni madawati!" Akamwekea sweta chini ya kichwa, akamlaza ubavu, akatazama saa ya ukutani mpaka mtikisiko ukaisha.

Jumamosi mama alimkataza Nakolong katakata kutoka. Siku nzima Nakolong alikwenda langoni na kurudi, akakaa, akainuka tena. Esekon alikuwa amemaliza tembe zake jana yake.

Jumatatu wakaenda kliniki kwa Daktari Gatakaa.

"Asubuhi namwona akimeza, Daktari," mama akasema.

"Na jioni?"

Mama akamgeukia binti yake.

"Nameza," Nakolong akasema. Uongo ulimtoka upesi kuliko alivyotarajia.

"Basi dawa imeshindwa. Itabidi niongeze."

Aongeze! Nakolong akawaza upesi. Si Esekon angepata nyingi zaidi? Miguu yake haikutulia chini ya kiti.

"Lakini nisikilize vizuri," Daktari akaendelea huku akiandika. "Usije ukaacha dawa hii ghafla. Ubongo ukishaizoea, kisha ukaikosa, kifafa hurudi kwa nguvu. Mtu anaweza kuanguka mfululizo, hata akafa."

Nakolong akahesabu kwa vidole. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Esekon!" Aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka. "Mama, mpigie Nyanya simu! Hana dawa siku ya tatu leo! Mimi ndiye nilikuwa nampa zangu!"

Alieleza yote, akilia kwa kwikwi. Mama akapiga simu upesi.

"Ameanguka mara mbili tangu asubuhi," sauti ya Nyanya ikasikika. "Hata hanijibu."

"Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni!" Daktari akasema akiichukua simu, na papo hapo akatuma ambulensi.

Kungoja kulimuua Nakolong. Alizunguka ua wa kliniki mpaka mama akachoka kumwambia akae. Ambulensi ilipofika, Esekon alibebwa ndani, Nyanya akimfuata, na mlango ukafungwa. Alasiri ukafunguliwa, na Esekon alikuwa ameketi kitandani akidai chapati. Nakolong akamkumbatia.

"Niliambiwa ni laana," Nyanya akasema kwa aibu.

"Ni ugonjwa wa ubongo, Nyanya. Ni kama nyaya za umeme zikipiga shoti. Hauambukizi, na wengi hutulia kwa dawa." Daktari akampima Esekon uzito, kisha akamgeukia Nakolong. "Ana kilo ishirini, wewe una thelathini na nane. Dawa hupimwa kwa mwili wa mtu, si kwa mapenzi. Huruma yako ni nzuri, wala sitakulaumu kwa hiyo. Lakini ulinidanganya, nami nikakaribia kukupa dawa usiyohitaji, na huyu akakaribia kufa. Ukimwona mgonjwa, usimgawie dawa yako. Mlete. Na daktari akikuuliza, sema kweli hata kama inauma."

"Nimekosa, Daktari," Nakolong akasema.

Esekon alikabidhiwa pakiti yake, jina lake limeandikwa juu. Aliigeuzageuza kwa furaha, kisha akachomoa tembe moja na kumnyooshea Nakolong.

"Shika na wewe. Ulinipa nyingi."

"Hapana!" wakapiga kelele wote wanne kwa pamoja, hata muuguzi akachungulia mlangoni.

Jioni hiyo Nakolong alitoa tembe yake, akaimeza, kisha akafungua kinywa mama aone.