Tasbihi Chini ya Cherehani

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mafundi wawili waliketi kwenye kichumba chao, cherehani zimepeana mgongo, wakimalizia sare za shule. Mmoja wateja walimbandika jina la Mkasi, kwa ukali wa ulimi wake. Wa pili alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake.

Wifi alishona huku midomo inacheza. Subhanallah, pindo. Alhamdulillah, kifungo. Tangu atoke eda alikuwa hivyo, uso umetulia, na usiku alilala fofofo. Mkasi hakuwa amepata usingizi wa maana tangu mazishi, na alimwonea wifi yake kijicho. Aliyekufa si kaka yangu, damu yangu? Mke ndiye apoe, mimi nibaki nakodolea dari?

Wifi alipotoka kwenda kutia udhu, Mkasi aliinama kuokota kifungo. Chini ya cherehani ya wifi palikuwa na tasbihi nyeusi. Kumbe siri yake ni hii, akawaza. Akaiviringisha kwenye kitambaa, akaitia kifuani.

Mchana akarudi nyumbani, akajifungia chumbani. Hakutaja jina la Mungu hata mara moja. Alizivuta tu zile punje, na kwa kila punje moyo wake ukasema lake: kwa nini yeye? Kwa nini yeye? Punje zilikuwa baridi, na hazikupata joto la mkono hata kidogo.

Akaifunga tena kitambaani, akaisukuma chini ya mto, akajilaza. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa kali.

"Kwa nini yeye?"

Sauti ilitoka chini ya mto. Ilikuwa sauti yake. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Hakuvaa hata viatu. Alimkuta wifi bado anashona, akamtupia kitambaa mapajani. "Nisamehe, wifi. Nimekuibia tasbihi yako."

Wifi alikifungua. Ndani mlikuwa na uzi mtupu. "Mimi sina tasbihi, wifi yangu. Nahesabu kwa vidole."

Mkasi akakinyakua kitambaa, akakikung'uta; hakuna punje iliyodondoka. Wifi akamshika mkono, akamnong'oneza, "Sema nami. Polepole."

Wakasoma uradi pamoja, Subhanallah, Alhamdulillah. Pumzi ikashuka, mabega yakalegea. Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile Mkasi alilia, na kilio kikamwacha mwepesi. Raha aliyoionea kijicho ndiyo hii, na hakuna aliyekuwa amemnyima. Wakanyamaza.

Wifi akageuka. "Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema, kwa nini yeye."

Siku hizi Mkasi hashoni bila kunong'ona uradi. Wateja humsifia uchaji wake, ingawa wakimsalimia huwajibu kwa kichwa tu. Mmoja wao, mama mwenye huruma, alimsihi apumzike kidogo, anywe maji. Mkasi akanyamaza, akainua kikombe. Maji yangali kinywani, yule mama akauliza, "Umesema nini?"

Yule mama hakurudi kuchukua gauni lake. Mpaka leo linaning'inia ukutani, limeshapigwa pasi.