Lenzi ya Padri na Mlima Oldeani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Leonida alifagia studio ya mjomba wake Clemensi, akinyunyiza maji kwanza ili vumbi jekundu la Karatu lisiruke juu ya kabati la vioo. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, na kazi hiyo angeweza kuifanya hata akiwa amefumba macho. Lakini mwaka ule wa 1983 hakuna kilichokuwa kikienda sawa pale studioni, na hata kufagia kwenyewe kulimchosha.

Chanzo kilikuwa lenzi. Mjomba alikwenda Ngorongoro kupiga picha za harusi, na aliposhuka garini kamera ilimponyoka ikaangukia jiwe. Kamera yenyewe ilipona, lakini lenzi yake ilipasuka, ikawa haifai hata kuchezewa na watoto. Mjomba alikwenda Arusha mara mbili kutafuta nyingine. Siku zile hata sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni, sembuse lenzi. Alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye kiti cha wateja akinung'unika mpaka chai yake ikapoa.

Ndipo alipoikumbuka kamera ya padri. Ilikuwa kamera kubwa ya zamani, nzito kama tofali, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Filamu yake pana ilikuwa haipatikani tena, na mtambo wake wa kufungua na kufunga mwanga ulikuwa umekufa kabisa. Lenzi, hata hivyo, ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo.

"Tutaihamishia kwenye kamera yetu ndogo," mjomba alisema.

"Itafaa kweli, mjomba? Mbona kubwa hivyo?"

"Ukubwa si neno. Lenzi iliyozoea kufunika filamu pana haiwezi kushindwa na filamu ndogo. Shida ni umbali. Kila lenzi ina umbali wake wa kukaa na filamu, na hii imezoea kukaa mbali. Lazima tuijengee bomba katikati."

Walipata kipande cha bomba la aluminiamu kutoka shamba moja la kahawa, fundi baiskeli akakikata kwa msumeno wa chuma. Mjomba alitoboa kifuniko cha plastiki, kile kinachoziba mdomo wa kamera lenzi isipokuwepo, akakigandisha kwa gundi kwenye ncha moja ya bomba. Ndani alipaka masizi ili mwanga usimetemete. Kwenye ncha ya pili lenzi ya padri ilikaa mdomoni mwa bomba, ikazungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokazwa barabara. Kilikuwa kituko cha kutazama, lakini kilishika.

"Sasa sikiliza vizuri," mjomba alimwambia Leonida. "Mimi nakwenda Mbulu siku tatu kutafuta karatasi na dawa za kusafishia picha. Bomba hili nimelikata refu makusudi. Kazi yako ni kulipunguza kwa msasa upande wa lenzi, kidogo kidogo. Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, kisha chungulia Mlima Oldeani. Ukiuona una utando, sugua tena. Ukiuona mkali, hata miti yake unaweza kuihesabu, acha hapo hapo. Na usipime kwa kitu cha karibu. Kitu cha karibu kitakudanganya: kitaonekana wazi wakati bomba bado refu, na vya mbali vitabaki na utando."

"Nimeelewa, mjomba."

Kazi hiyo ilikuwa na haraka. Jumamosi ile darasa la saba lilikuwa linaagwa, na wanafunzi wote arobaini na wawili wangepigwa picha moja ya pamoja. Aliyeisubiri picha hiyo kuliko wote ni Naipanoi, aliyekaa dawati moja na Leonida. Kwao ni Oloipiri, upande wa Loliondo, na miaka yote ya shule alilala nyumbani kwa Mwalimu Katarina. Baba yake aliuza ng'ombe ili asome, na wazee wa rika lake wakamcheka.

"Baba ameniambia nisirudi bila kupiga picha na wenzangu," Naipanoi alimweleza Leonida. "Anataka kuwaonyesha wale waliomcheka. Na lori la Loliondo linaondoka Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi. Likiniacha, sijui lingine ni lini."

Siku ya kwanza Leonida alitoka na kamera alfajiri, akasimama nyuma ya studio. Mlima haukuwepo. Ukungu uliufunika wote, ukafunika na msitu wake. Alisubiri mpaka kengele ya shule ikalia. Jioni akarudi, akakuta mawingu ya mvua yamekaa mahali pale pale pa ukungu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu ukungu ulishuka mpaka barabarani, akatamani kulia.

"Mlima gani huu usio na haya!" alifoka peke yake, akautupa msasa mezani.

Mchana ukungu ulipungua, lakini mlima ukabaki umejifunika. Mjomba alikuwa anarudi jioni ile. Wenzake nao walikuwa wakimwita kwa zamu waende kufanya mazoezi ya ngonjera. Leonida akageuza kamera, akachungulia kibao cha duka la ushirika lililokuwa ng'ambo ya njia, hatua kumi tu kutoka pale. Alisugua bomba, akapima, akasugua tena, mpaka herufi za kibao zikasimama wazi, nyeusi kwenye nyeupe. Zilipendeza kweli. Alifunga ukanda wa tyubu, akaenda zake kwenye ngonjera.

Jioni mjomba alifika na mfuko wake, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Umepima kwa Oldeani?"

Leonida alijua kwamba akisema hapana, kesho yake atashindishwa pale nyuma akiulinda mlima. "Ndiyo, mjomba," alijibu.

Mjomba alichukua kamera, akachungulia uso wa Leonida kwa mwanga wa dirisha, akazungusha lenzi, akacheka kwa furaha. "Naona mpaka kope! Shikamoo, fundi!"

Leonida alicheka pia, ila kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi saa tisa jua liliwaka kama vile ukungu haujawahi kuwepo duniani. Wanafunzi walipangwa mistari mitatu mbele ya darasa, wa nyuma wakiwa juu ya mabenchi, wazazi wakiwa pembeni. Mjomba Clemensi alichungulia, akaona wanafunzi kumi tu. Lenzi ya padri kwenye kamera ndogo iliona eneo jembamba, kwa hiyo ilimbidi arudi nyuma. Akarudi hatua tano, akachungulia. Akarudi kumi. Akapita mlingoti wa bendera.

"Clemensi, unapiga picha au unatoroka?" mzazi mmoja aliuliza, watu wakaangua kicheko.

Hatimaye aliwapata wote arobaini na wawili. Lakini nyuso zao zilikuwa uji mtupu. Alizungusha lenzi hadi ikagota mwisho, bado uji. Alifuta kioo kwa shati, akachungulia tena, akafungua ukanda na kuukaza upya. Jasho lilimtiririka. Kila alichojaribu kilimrudisha pale pale, na kadiri watu walivyochekelea ndivyo alivyozidi kuharakisha. Wanafunzi walianza kusukumana kwenye mabenchi. Saa kumi ikafika. Barabarani lori lilipiga honi.

"Mwalimu, nisamehe," mjomba alisema mwishowe. "Nadhani lenzi ya padri ni mbovu. Tuahirishe mpaka Jumatatu."

Naipanoi alishuka kwenye benchi. Alikaza midomo, lakini machozi hayakumsikiliza.

Leonida alibaki amesimama. Aliukasirikia ukungu, akaukasirikia mlima, akamkasirikia hata mjomba aliyekwenda Mbulu. Kisha hakubaki wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe. Alitoka mstarini, akavuka uwanja mzima huku watu wakimtazama.

"Mjomba, lenzi si mbovu. Sikupima kwa Oldeani. Nilipima kwa kibao cha ushirika. Nilikudanganya."

Mjomba alishusha kamera. "Saa nzima nimekuwa kichekesho cha watu hapa!" alisema kwa uchungu. "Nasugua kioo kwa shati, kumbe jibu limesimama mstari wa mbele linanitazama!" Leonida aliinamisha kichwa. Mjomba akavuta pumzi, akageuka upande wa magharibi. Oldeani ulikuwa umesimama pale, mzima, hauna hata wingu.

"Basi bomba bado refu, na kilicho kirefu kinapunguzika," alisema. "Msasa uko wapi?"

"Studioni."

"Kimbia!"

Leonida alikimbia. Mwalimu Katarina naye alikwenda barabarani kumsihi dereva wa lori, mzee Wilibrodi.

"Mzee wangu, nipe dakika kumi tu."

"Dakika kumi za mwalimu au dakika kumi za saa?" Wilibrodi aliuliza, lakini alizima injini.

Leonida alirudi akihema. Mjomba alifungua ukanda, akatoa lenzi na bomba, Leonida akatandika msasa kwenye kizingiti cha saruji, akapiga magoti na sketi yake ya sherehe, akaanza kusugua. Unga wa aluminiamu ulimwagikia sketi. Alilifuta bomba kwa kitambaa, mjomba akalirudisha pamoja na lenzi, akachungulia mlima. "Bado." Akasugua tena. "Bado." Mikono ilimuuma, na kila "bado" ilimkata maini. Mara ya tano mjomba alimpa kamera.

"Angalia mwenyewe."

Leonida alichungulia. Mlima ulikuwa mkali, msitu wake umejitenga mti kwa mti. Kilichokuwa kimezidi kwenye bomba hakikuzidi unene wa ukucha.

"Rudi mstarini!" mjomba aliagiza. Wakajipanga tena, Naipanoi katikati. Kamera ililia mara tatu. Kabla watu hawajamaliza kupiga makofi, Naipanoi alimkumbatia Leonida, akakimbilia lori akiwa ameshika sanduku lake la bati kichwani.

Picha ilipotoka, kila uso ulionekana. Leonida aliitazama, akakunja uso. Mbele kabisa alikuwepo yeye, sketi imechafuka unga wa kijivu mpaka magotini.

"Mjomba, huwezi kunikata hapo chini?"

"Sikukati," mjomba alisema. "Kaa hapa nikuambie. Kuchoka kusubiri mlima si kosa kubwa. Hata mimi ningechoka. Ungeniambia jioni ile, 'Mjomba, bado,' ningefoka kidogo, kisha asubuhi tungesugua pamoja na kumaliza kabla ya watu kufika. Kilichotuaibisha ni ile ndiyo yako. Mimi niliiamini, nikaenda nayo mbele ya kijiji kizima. Mtu anayefanya kazi na wenzake lazima aseme kazi imefika wapi hasa, maana wengine wanaanzia pale alipoishia yeye. Siku ile ulisema ukweli mbele ya watu wote, jambo gumu kuliko kusugua bomba. Ndiyo maana sketi hiyo naiacha ionekane."

Nakala moja ilikwenda Oloipiri kwa mkono wa mzee Wilibrodi. Baada ya wiki tatu alisimamisha lori mbele ya studio, akachungulia dirishani.

"Baba yake Naipanoi anawasalimu," alisema. "Picha hiyo hamwachii mtu. Kila mgeni lazima aonyeshwe. Ila anauliza, yule msichana aliyechafuka sketi ni nani?"

Mjomba alimgeukia Leonida.

Leonida aliweka ufagio chini. "Mwambie ni mimi," alisema. "Mwambie nilichelewesha lori."