Jalada la Fundi Maabara

Saa 4:50 asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la kutoa nakala, mkabala na geti la chuo.

Mbele, mashine zilinguruma. Nyuma, watu wanne na ramani iliyochorwa mgongoni mwa karatasi ya mtihani wa zamani.

Mjane hakukaa. Mume wake alikuwa fundi maabara wa chuo hicho. Miezi saba iliyopita gesi ililipuka akiwa kazini, na ripoti ikasema ni uzembe wake. Mjane alijua vingine. Mumewe alikuwa amemwandikia Mkuu wa Idara barua tatu kwamba valvu inavuja.

Alianza kwa njia iliyonyooka. Chuo ni cha umma, na sheria ya kumbukumbu za umma inasema anachoandika mfanyakazi wake kuhusu kazi, mwananchi yeyote ana haki ya kukisoma. Aliomba. Wakamjibu kwamba barua hizo hazimo kwenye majalada ya idara. Na kweli hazikuwamo. Mkuu alikuwa ameagiza zifichwe ndani ya jalada binafsi la marehemu, na jalada binafsi la mfanyakazi sheria hiyo hiyo imelifunga.

"Nilizihamisha mimi, kwa mkono huu," alisema Bi Masijala. Alikuwa ametunza majalada ya chuo miaka ishirini na sita, na hakumtazama mtu usoni.

Saa nane mchana majalada ya wafanyakazi waliofariki yangeingia kwenye mashine ya kukata karatasi. Saa saba masijala hufungwa kwa chakula. Walikuwa na saa moja.

Bisibisi, mfungua makufuli aliyewahi kula jela mara mbili, aliuliza kwa nini wasipige picha tu kwa simu wakaondoka zao.

"Wataiita ya kughushi," Mjane alijibu. "Nataka karatasi yenyewe, na muhuri wa kupokelewa. Halafu nataka Mkuu asomewe hadharani, neno kwa neno."

Shemeji, mdogo wa marehemu, angeendesha gari. Alizungusha funguo kidoleni na kusema yuko tayari. Alisema hivyo mara tatu.

Saa 7:04 mchana.

Korido tupu. Bi Masijala alikuwa na ufunguo wa mlango, lakini kabati la chuma lilikuwa limetiwa kufuli jipya wiki ile. Bisibisi aliinama. Jasho likamdondoka puani. Alilitukana kufuli, ukoo wa kufuli, na kiwanda kilicholizaa.

Saa 7:11. Kufuli likakubali.

Mjane alifunua jalada palepale. Mwandiko wa mumewe, ule wa herufi zilizolala kama nyasi. *Naomba kwa mara ya tatu.* Juu yake muhuri mwekundu: IMEPOKELEWA. Hakulia. Alikwisha kulia sana. Sasa alitaka kulipiza kisasi.

Saa 7:19. Ndani ya gari.

"Kabati umeliachaje?" Mjane aliuliza.

"Nimelifunga," alisema Bi Masijala. "Na kadi nimeijaza."

Bisibisi alimgeukia.

"Kadi gani, mama?"

"Ya mwendo wa jalada. Nani kachukua, saa ngapi, saini." Mkono ulimpanda mdomoni. "Mwanangu, jalada halitoki masijala bila kadi. Nimejaza bila hata kufikiri."

Bisibisi alicheka kicheko kibaya. Akasema amewahi kuiba na walevi, amewahi kuiba na mapadri feki, ila na mwizi anayetia saini, hii ndiyo mara ya kwanza.

Hapo Mjane akaona gari halielekei getini. Lilikata kushoto, likasimama nyuma ya jengo la utawala. Mkuu wa Idara alikuwa amesimama pale, suti nadhifu, mkono umenyooshwa. Shemeji alilipokonya jalada mapajani pa Mjane na kulipitisha dirishani.

"Nafasi ya kaka bado iko wazi," alisema, macho kwenye usukani. "Wameniahidi. Nisamehe, shemeji."

"Kaka yako hajamaliza mwaka kaburini."

Bisibisi alifungua mlango, akaruka ukuta, akatokomea. Hakuna aliyemlaumu.

Mkuu aliinama dirishani, akasema kwa sauti ya msibani. Aliwaambia waende nyumbani wakapumzike. Yeye hakuona kitu, na wao hawakuona kitu.

Saa 7:31.

Karani aliyerudi mapema kutoka kula alikuwa ameiona kadi. Walinzi wawili na polisi mmoja wa kituo cha getini walitokea mbio. Mkuu aliwawahi kwa tabasamu: hapana tatizo, ni mambo ya familia, hakuna kilichoibwa.

Polisi alianza kugeuka. Njia ya kuondoka salama ilikuwa wazi mbele ya Mjane. Alifungua mlango wa gari, akashuka.

"Afande, mwizi ni mimi. Nimeiba jalada namba 417. Huyo analo mkononi."

"Mama huyu amechanganyikiwa," alisema Mkuu. "Hili ni jalada binafsi. Sheria inalilinda."

"Linalindwa dhidi ya wasomaji, mzee. Halilindwi dhidi ya kesi." Polisi alinyoosha mkono. "Mtu amekiri wizi. Hicho sasa ni kielelezo."

Mkuu alilishika sekunde moja zaidi ya inavyofaa. Kisha akaliachia.

Bi Masijala alishuka naye, akajitaja, akasimama begani kwa polisi kama yuko kazini. Alimtaka aandike kila karatasi kwa namba yake. Arobaini na moja, barua, muhuri. Arobaini na mbili, barua, muhuri. Arobaini na tatu. Polisi aliandika. Shemeji alikuwa bado ameshika usukani wa gari lililozimwa, na hakuna aliyemwangalia.

"Utafungwa," Mkuu alimwambia Mjane, taratibu, midomo imekauka.

Mjane alitoa mikono yote miwili ifungwe pingu.

"Nifungwe. Ila kwanza watakusomea barua hizo mahakamani, na mimi nitakuwa nimekaa pale pale nikikutazama."