Biharusi wa Raba Nyeupe

—Zubeda. Simama hapo hapo.

Sauti aliijua kabla hajageuka. Ilikuwa ya Suleiman, mchumba wake, muuza viatu vya mitumba wa Tandika, ambaye kwa mila hakutakiwa kumwona hata ukucha mpaka siku ya ndoa. Na yeye Zubeda, biharusi aliyewekwa ndani asingwe na kunoneshwa, alikuwa nje alfajiri, kwenye vichochoro vya Mtoni, kajitanda baibui la somo wake, kungwi aliyekuwa akimfunda, jasho linamtoka.

—Yuko wapi?

—Nani?

—Huyo bwana unayemfuata kila alfajiri. Shangazi yangu Hamisa kakuona. Kaja kunisema mbele ya wateja, eti viatu nachagua kwa jicho kali, mke nimechagua nimefumba macho.

Zubeda angeweza kudanganya. Angesema anakwenda kwa mganga, na mtaa mzima ungemwelewa. Lakini alishachoka kujificha.

—Natembea tu. Daktari kaniagiza.

Akamweleza pale pale, ukutani kwa watu. Zile ndevu anazozing'oa kidevuni, siku zake zinazopotea miezi: daktari kapima, kakuta mayai hayapevuki, yamebaki vifukovifuko. Kuzaa si muhali, ila huenda kukachelewa. Kubwa kuliko hilo, wanawake wa hali yake presha na sukari huwawahi. Mwilini mwao, alisema daktari, ni kama mna moto wa chini kwa chini; hauleti homa wala kidonda, lakini unaikwangua mishipa mpaka ukaufikia moyo. Dawa ya kwanza ni miguu, na kupunguza sukari. Na huko ndani somo alikuwa akimnywesha uji wa samli na sukari, asubuhi na jioni, na kumkataza hata kufagia.

—Mama yangu alianguka jikoni hata hajazeeka. Watu wakasema jini. Na yeye alikuwa na ndevu, Suleiman. Mie ndiye niliyekuwa namnyoa.

Suleiman alitazama chini.

—Kwa nini hukuniambia?

—Ungesema nini?

—Sijui.

—Basi ujue leo. Mtoto nitamtafuta na wewe, kumpata sikuahidi. Ila kukaa kitako ninenepe, nife nikisifiwa uzuri, hilo silifanyi. Ukitaka kuniacha, niache hapa, nimalizie mwendo wangu.

Akageuka, akashika njia, akikwepa madimbwi ya mvua za Elinino. Moyo ulimdunda, na safari hii haikuwa kwa kutembea. Alishakata tamaa ya kusikia chochote aliposikia mtu anakimbia nyuma yake.

Suleiman alimfikia akihema, akamtazama miguuni.

—Na ndala hizo utafika wapi? Unaniaibisha kazini kwangu.

Mchana wake shangazi Hamisa alikaa uani kwa kina Zubeda, kanga kiunoni, akisubiri ndoa ivunjwe. Suleiman akamwamkia shikamoo, akasema kweli, alimfuata mchumba wake na akamfumania.

—Na nani?

—Na mimi, shangazi. Na kesho tutafumaniwa tena.

Alipomaliza kueleza maneno ya daktari, shangazi alitema mate pembeni. Biharusi mkondefu, alisema, watu watasema ana ule ugonjwa wa siku hizi, na wewe umeshaambukizwa.

—Waseme. Midomo ni yao, moyo ni wa mke wangu.

Uji wa samli ukarudi jikoni.

Siku ya harusi, gari la kukodi lilipambwa maua, likapiga honi mlangoni. Zubeda alitoka na shela lake, akalipita. Akaishika njia ya Tandika kwa miguu, kapandisha gauni kidogo, na mtaa mzima ukaziona: raba nyeupe pe. Vigelegele vilikwama kwanza, kisha vikapasuka kuliko vya harusi yoyote Mtoni.

Shangazi Hamisa alifuata nyuma akinung'unika, kashika kifua, viatu virefu mkononi. Karibu na sokoni akasimama kuvuta pumzi, akamwita bwana harusi aliyekuja kuwapokea.

—We Suleiman. Raba za mguu wangu unazo?