Maji Kwenye Mafuta ya Breki

Kila alipotoka shule, msichana aliyeitwa Sisimizi alivua viatu mlangoni na kuingia ndani kwa kunyata. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Alifanya kazi usiku kucha, na mchana ndipo alipopata usingizi. Msichana alipakua chakula bila kugonganisha kijiko na sufuria, akala peke yake, akafanya hesabu zake peke yake. Jioni baba alipoamka, waliulizana habari za shule na za kazi, kisha baba akaondoka. Shangazi alikuja kulala naye, lakini naye alifika amechoka hoi, akijitupa kitandani ndiyo basi tena.

Haikuwa hivyo zamani. Mama alipokuwepo, nyumba ilikuwa na maneno. Lakini mama alikwenda mbali kumuuguza bibi, na wiki zikageuka miezi. Sasa bibi alikuwa amepata nafuu, na Jumapili baba angekwenda na Sisimizi kumchukua mama kwa gari lao la zamani.

Jumamosi alasiri, siku moja kabla ya safari, baba alimwita uani.

"Sisimizi, njoo unisaidie. Leo tunabadilisha mafuta ya breki. Kazi hii ni ya watu wawili."

Msichana alitoka mbio. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yamevuliwa. Baba alifungua boneti, akamwonyesha kitungi kidogo cha mafuta ya breki. Akayafyonza ya zamani kwa bomba la sindano. Yalikuwa meusi kama kahawa.

"Yakikaa sana hunywa unyevu wa hewani," alieleza. "Adui wa mafuta haya ni maji. Ngoja nikaazime spana ndogo kwa jirani. Usiguse kitu."

Baba alipotoka, Sisimizi aliona kopo la mafuta mapya liko mbali na gari. Alitaka baba arudi akute kila kitu kiko tayari. Alifungua kifuniko, akalibeba. Mikono yake ilikuwa na grisi. Kopo lilimponyoka, na kabla hajaliokota, nusu ya mafuta ilikuwa imemwagika sakafuni.

Ataniambia niende ndani, aliwaza. Nitarudi kukaa na kuta. Alilipeleka kopo kwenye bomba la maji, akalijaza mpaka pale mafuta yalipokuwa yamefika mwanzo, akalitikisa. Mafuta ya breki si kama ya kupikia; yalichanganyika na maji, huwezi kujua. Kisha akaiosha sakafu.

Baba alirudi, akamimina kwenye kitungi bila kushuku lolote. Akamkalisha Sisimizi kwenye kiti cha dereva, mwenyewe akajilaza nyuma ya gari na mpira mwembamba wa kutolea mafuta.

"Kanyaga. Shikilia." Nati ya breki ikafunguliwa, mafuta ya zamani yakatoka, pedali ikazama taratibu, nati ikafungwa. "Achia."

Waliendelea hivyo, mmoja haoni uso wa mwenzake. Baba alikuwa na raha. Alisimulia jinsi mwenzake alivyosahau chumvi kwenye unga, na mteja akarudisha mkate akisema umenuna kama mama mkwe aliyenyimwa chai. Sisimizi alicheka kidogo tu.

Walipofika gurudumu la pili, baba alisema, "Unaujua ule mteremko mrefu wa kwenda kwa bibi? Pale breki hupata moto sana. Kukiwa na maji ndani, huchemka. Unakanyaga, pedali inazama bure, gari halisimami. Ndiyo maana sikutaka tusafiri na mafuta ya zamani. Haya, kanyaga. Shikilia."

Sisimizi alikanyaga. Aliona miguu ya baba tu kwenye kioo cha pembeni.

"Nimeshikilia, baba," alisema. "Na hayo mafuta yana maji. Niliyamwaga, nikajaza maji ya bomba."

Spana iligonga sakafu.

"Achia," baba alisema. Akaja, akasimama mlangoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanirudisha ndani. Sikutaka kukaa peke yangu tena."

Baba alimtazama binti yake kama mtu aliyetoka safari. Kisha akasema kwa upole, "Duka la vipuri limeshafungwa mpaka Jumatatu. Kesho hatuendi. Mpigie mama, umweleze mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeshafunga mizigo, mwanangu," alisema. "Basi nitaifungua." Jumapili hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Jumatatu Sisimizi alitoka shule akidhani baba amelala. Alimkuta uani, macho mekundu, na makopo mapya mawili. Walisukuma mafuta mapya gurudumu hadi gurudumu mpaka yale yenye maji yakaisha yote na yaliyotoka yakawa safi. Baba alikanyaga pedali, ilisimama imara. Akalijaribu gari polepole kwenye kichochoro mpaka akaridhika.

Jumamosi iliyofuata waliuteremka ule mteremko. Gari lilitii kila lilipoambiwa. Chini kabisa, baba aliegesha pembeni, akamgeukia.

"Sikiliza, mwanangu. Kumwaga mafuta ni kosa la mikono. Mimi nimewahi kumwaga gunia zima la unga. Lakini kuficha ni kosa jingine, na hilo ndilo lingetuua kwenye mteremko huu. Ulivyosema, ulituokoa. Safari nyingine sema mapema, hata kama unaogopa." Akamshika bega. "Na upweke nao usiufiche. Nikiwa nimelala, niamshe. Mimi pia nyumba ile inanielemea."

"Ndiyo, baba."

Waliendelea na safari. Mama alikuwa amesimama barabarani na mizigo yake, ameanza kupunga mkono hata kabla gari halijasimama.